Kutoka Karata hadi Kuitika: Historia Fupi ya Tovuti ya Biashara Kwenye Simu ya Mkononi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli wake sokoni, lakini kwenye mtandao wa intaneti hata kizuri hakijiuzi iwapo mteja hawezi kukiona. Mteja mwenye simu mkononi akifungua tovuti ya hoteli, ya duka la vitabu au ya kampuni ya mabasi, akakuta herufi ndogo kama punje za ulezi na jedwali la nauli lililotoka nje ya skrini, hana subira. Huifunga na kwenda kwingine.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi wafanyabiashara na mafundi walivyohangaika, tangu mwaka 1997 hadi miaka ya karibuni, kuifanya tovuti isomeke kwenye simu. Hoja yetu ni moja. Kwa muda mrefu msomaji wa simu alihesabiwa kuwa msomaji wa daraja la pili, akapewa tovuti iliyopunguzwa. Hali hiyo ilibadilika pale ilipokubaliwa kwamba msomaji wa simu na msomaji wa kompyuta ni msomaji yuleyule, anayestahili habari zilezile. Mara tu uamuzi huo ulipofanywa, sehemu kubwa ya kazi iliwaangukia watu wa lugha, kwa sababu skrini ndogo haina nafasi ya maneno ya ziada. Ndiyo maana tunaona kwamba historia hii inawahusu walimu na wanafunzi wa Kiswahili kama inavyowahusu mafundi wa kompyuta.

Ukurasa usio karatasi

Neno ukurasa tulilipata kutoka Kiarabu, na kwa muda mrefu lilihusu karatasi. Lilipohamia kwenye kompyuta lilibeba wazo la karatasi: kitu chenye upana usiobadilika, chenye juu na chini, kushoto na kulia. Lugha nyingine nazo zilifanya vivyo hivyo, na wazo hilo ndilo lililowapotosha wasanifu wengi.

Tovuti ya kwanza duniani ilitengenezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na mwaka 1991 ilifunguliwa kwa watu wa nje. Kurasa zake zilikuwa maandishi matupu na viungo. Hazikuwa na upana maalumu. Dirisha likipanuliwa, mistari hurefuka. Likifinywa, maneno hushuka yenyewe kwenye mstari unaofuata, kama maji yanavyofuata umbo la chombo. Kwa maneno mengine, lugha ya HTML ilipozaliwa ilikuwa tayari na uwezo wa kuenea kwenye skrini ya ukubwa wowote.

Wafanyabiashara ndio walioufunga uwezo huo, na walikuwa na sababu zao. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni nyingi zilitaka tovuti zifanane na vipeperushi vyao vilivyochapwa: nembo mahali pake, safu tatu za maandishi, picha ya bidhaa upande wa kulia. Mafundi wakatumia majedwali kuzigawa kurasa, na upana wakaufunga kwa hesabu ya nukta za skrini, yaani pikseli. Kwanza walihesabu skrini ya nukta 640, baadaye 800, kisha 1024, kadiri skrini za kompyuta zilivyokua.

Mwezi Aprili 2000 John Allsopp, msanifu kutoka Australia, alichapisha makala katika jarida la A List Apart akiwaonya wenzake kwamba wavuti si karatasi. Alieleza kuwa kule kushindwa kwa msanifu kumwamulia msomaji kila kitu hakupaswi kuhesabiwa kuwa udhaifu wa wavuti, kwa kuwa ndiko kunakoipa nguvu zake. Makala hiyo iliheshimiwa, lakini desturi haikubadilika. Wazo la karatasi lilikuwa limekwisha kuota mizizi.

Enzi ya karata

Wakati huohuo simu za mkononi zilikuwa zinaingia mifukoni mwa watu. Mwaka 1997 kampuni za Ericsson, Motorola, Nokia na Unwired Planet ziliunda jumuiya ya kuweka kanuni za pamoja za kupeleka habari za intaneti kwenye simu. Kanuni hizo ziliitwa WAP. Mwaka 1999 Nokia ilitoa simu ya 7110, miongoni mwa simu za kwanza kuzitumia. Skrini yake haikuwa na rangi, na ilikuwa na nukta 96 kwa 65 tu.

Kwa skrini kama hiyo ilitungwa lugha mpya, WML. Linalotuvutia sisi watu wa lugha ni kwamba watungaji wake waliliacha neno ukurasa. Kila kipande cha habari walikiita karata, na vipande kadhaa vilivyotumwa pamoja wakaviita fungu la karata. Msomaji alifunua karata moja, akachagua neno, akapelekwa kwenye karata ya pili. Istilahi hiyo ilikuwa na ukweli wake, kwani ilimwonyesha mwandishi tangu mwanzo kwamba nafasi aliyonayo ni ndogo mno.

Hata hivyo, WAP haikupendwa kama ilivyotarajiwa. Kwenye simu za mwanzo muunganisho ulifanywa kama mtu anayepiga simu, na mteja alitozwa kwa dakika, hata pale alipokuwa anangoja karata ifunguke. Mfanyabiashara naye alilazimika kuiandika tovuti yake upya kwa lugha ambayo vivinjari vya kawaida vya kompyuta havikuisoma. Kwa hiyo mteja alilipa kuingoja huduma hafifu, na mfanyabiashara alilipa kuitengeneza.

Huko Japani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tarehe 22 Februari 1999 kampuni ya NTT DoCoMo ilizindua huduma ya i-mode. Skrini za simu zao hazikuwa kubwa kuliko za wengine kwa kiasi cha kutajika. Tofauti ilikuwa katika mambo matatu. Kwanza, kurasa ziliandikwa kwa HTML iliyopunguzwa, hivyo fundi aliyejua kutengeneza tovuti ya kawaida hakuwa na mengi ya kujifunza upya. Pili, mteja alitozwa kwa kiasi cha data alichopokea, si kwa dakika. Tatu, wenye tovuti rasmi za kulipia walikusanyiwa ada zao kupitia bili ya simu, na DoCoMo ikabakiza asilimia 9. Benki, magazeti na wauzaji wa tiketi waliona faida, wakaingia.

Funzo la enzi hii ni kwamba bei ya kusoma na gharama ya kuandika ndizo zilizoamua mambo. Huduma iliyompunguzia mteja gharama ya kusoma, na ikampunguzia mfanyabiashara kazi ya kuandika mara mbili, ndiyo iliyostawi.

Katika Afrika Mashariki miaka hiyo simu ilikuwa ya sauti na ujumbe mfupi. Hapa Uganda kampuni ya Celtel ilianza kazi mwaka 1995 na MTN mwaka 1998. Aliyetaka kusoma tovuti alikwenda kwenye mkahawa wa intaneti, ambako mawasiliano yalipitia kwenye satelaiti, na alihesabiwa muda wake mbele ya kompyuta. Biashara iliyotaka kumfikia mteja mfukoni ilimwandikia ujumbe mfupi usiozidi herufi 160. Tutaona baadaye kwamba shule hiyo ya herufi 160 haikuwa ya bure.

Anwani mbili, wasomaji wa madaraja mawili

Miaka ya 2000 ilipofika katikati, simu nyingi zilikuwa na rangi na vivinjari vilivyosoma HTML ya kawaida kwa shida. Njia iliyoonekana rahisi ni kuwa na tovuti mbili. Ile kubwa ilibaki kwenye anwani yake, na ile ndogo ikapewa anwani nyingine, aghalabu yenye herufi m na nukta mbele ya jina la kampuni. Kulikuwa hata na kikoa maalumu, .mobi, kilichoidhinishwa mwaka 2005 na kufunguliwa kwa umma mwezi Septemba 2006.

Si wote waliofurahi. Tangu mwaka 2004 Berners-Lee mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika kupinga wazo la kikoa cha simu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: anwani moja inapaswa kumfikisha mtu kwenye habari ileile bila kujali chombo anachotumia. Ukimpa rafiki anwani uliyoisoma kwenye simu, naye akaifungua kwenye kompyuta, apate kile ulichokisoma wewe. Ukigawa anwani kwa vyombo, umeugawa wavuti wenyewe.

Taasisi ya W3C, inayoweka viwango vya wavuti, ilifuata mkondo huo. Mwezi Julai 2008 ilitoa mwongozo wa kuandika kurasa za simu, uliosisitiza wavuti mmoja kwa vyombo vyote. Hata hivyo, mwongozo huohuo unaonyesha ugumu wa wakati ule. Ulimtaka mwandishi akadirie kwamba simu ya kawaida ina skrini yenye upana wa nukta 120, na kwamba ukurasa mzima pamoja na picha zake usizidi kilobaiti 20. Leo picha moja iliyopigwa kwa simu inaweza kuuzidi uzito huo mara mia.

Kampuni moja ya Norway ilitafuta njia ya mkato. Kivinjari cha Opera Mini, kilichotolewa duniani kote mwezi Januari 2006, hakikuuleta ukurasa moja kwa moja kwenye simu. Seva za kampuni hiyo ndizo zilizoufungua, zikaupunguza uzito, kisha zikautuma ukiwa umebanwa. Simu ndogo zenye uwezo wa Java ziliweza kusoma tovuti kubwa kwa sehemu ndogo ya data ya awali. Katika nchi ambako data ni ghali, kivinjari hiki kilipendwa sana, na Afrika haikuwa nyuma. Kwa hakika wasomaji wengi wa kwetu walipata tovuti za biashara kwenye simu kwa msaada wa seva za Opera kabla wenye tovuti hizo hawajafikiri habari zao.

Tukirudi kwenye zile tovuti mbili, kasoro zake zilikuwa wazi kwa yeyote aliyezitumia. Bei ilibadilishwa kwenye tovuti kubwa ikasahauliwa kwenye ndogo. Masharti ya kurudisha bidhaa yalikuwa kwa msomaji wa kompyuta peke yake. Fomu ya kuomba kazi haikuwamo kabisa. Aliyeandaa tovuti ndogo alikuwa anabashiri: mtu wa simu yuko njiani, ana haraka, anataka namba ya simu na ramani tu. Kwa mtu mwenye kompyuta nyumbani ubashiri huo ulikuwa na mantiki. Kwa mtu ambaye simu ndiyo kompyuta yake pekee, ulikuwa ni kufungiwa mlango. Huyo hakuwa na mahali pengine pa kuyasoma yale masharti.

Simu mpya na makala ya mwaka 2010

Tarehe 9 Januari 2007 kampuni ya Apple ilitangaza simu ya iPhone, ikaanza kuiuza Marekani tarehe 29 Juni mwaka huo. Skrini yake ilikuwa na nukta 320 kwa 480 na kivinjari chake kilisoma tovuti kamili. Kilitumia ujanja fulani: kiliuchora ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa nukta 980, kisha kikaupunguza hadi karibu theluthi moja ili uenee. Ukurasa wote ulionekana, lakini haukusomeka mpaka msomaji atanue kwa vidole viwili. Ili kuondoa usumbufu huo, Apple iliweka amri fupi ambayo mwandishi wa tovuti angeiandika kichwani mwa ukurasa, kusema: usijifanye mpana, tumia upana wako halisi. Mstari huo mmoja baadaye ulifuatwa na vivinjari vingine, na hata sasa ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuandikwa na fundi anayeandaa tovuti kwa ajili ya simu.

Mwezi Novemba 2009 Luke Wroblewski, msanifu wa Marekani, alitoa pendekezo lililopindua desturi. Badala ya kuisanifu tovuti ya kompyuta kwanza na kuikatakata baadaye, alisema, anza na simu. Skrini ndogo itakulazimisha uamue lipi ni la lazima. Yale yatakayoshinda mchujo huo ndiyo tovuti yako. Kwenye skrini kubwa utayapa nafasi zaidi ya kupumua.

Tarehe 25 Mei 2010 Ethan Marcotte, msanifu mwingine wa Marekani, alichapisha katika jarida lilelile la A List Apart makala iliyoipa njia hii jina. Alilichukua jina kutoka kwa wasanifu wa majengo, waliokuwa wanazungumzia kuta na vyumba vinavyobadilika kufuatana na watu waliomo. Kwa Kiswahili tunapendekeza kuuita usanifu wa kuitika. Kuitika ni kujibu unapoitwa, na ndivyo ukurasa huu ufanyavyo: chombo kinauita, nao unaitika kwa umbo linalokifaa.

Marcotte alieleza nguzo tatu. Ya kwanza ni safu zinazopimwa kwa asilimia badala ya nukta, ili zinyumbuke. Ya pili ni picha ambazo haziruhusiwi kuzidi upana wa safu iliyozibeba. Ya tatu ni masharti yanayoandikwa katika lugha ya CSS, ambayo hupima skrini kabla ya kupanga ukurasa. Kwa mfano, sharti linaweza kusema kwamba skrini ikiwa na upana chini ya nukta 600, zile safu tatu zisikae ubavuni mwa mwenzake bali zipangwe moja chini ya nyingine. Hakuna hata moja kati ya nguzo hizi iliyokuwa mpya kabisa. Kanuni ya masharti, kwa mfano, ilikuwa inajadiliwa W3C kwa miaka mingi, na ilipitishwa rasmi mwezi Juni 2012. Upya ulikuwa katika kuziunganisha.

Nadharia haikukaa muda mrefu bila ushahidi. Mwezi Septemba 2011 gazeti la The Boston Globe la Marekani lilifungua tovuti yake mpya ya kulipia, iliyotengenezwa kwa njia hii, na Marcotte akiwa miongoni mwa walioifanyia kazi. Gazeti ni biashara ngumu kuipanga: kuna habari nyingi, picha, matangazo na wasomaji waliolipa. Hata hivyo, anwani ilikuwa moja, na habari zilikuwa zilezile kwenye simu na kwenye kompyuta. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa kampuni kudai kwamba tovuti yake ni kubwa mno kwa kazi hiyo.

Shinikizo la soko

Tusidhani kwamba wafanyabiashara wote walishawishiwa na hoja. Wengi walisukumwa. Tarehe 21 Aprili 2015 kampuni ya Google ilianza kuzipa nafasi ya juu, katika utafutaji unaofanywa kwenye simu, kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu. Ilikuwa imetoa taarifa mapema, mwezi Februari, na baadhi ya waandishi wakaifananisha siku hiyo na kiama. Mwezi Novemba 2016 ilitangaza hatua nyingine nzito zaidi: itakuwa inasoma sura ya simu ya kila tovuti na kuifanya kipimo cha tovuti nzima. Oktoba 2023 ilitangaza kwamba uhamisho huo umekamilika. Maana yake ni kwamba habari isiyoonekana kwenye sura ya simu huhesabika kama haipo. Ile tovuti ndogo iliyokuwa mtoto wa kambo ndiyo iliyokuja kurithi nyumba.

Wateja nao walikuwa wamekwisha kuhama. Kwa mujibu wa kampuni ya takwimu ya StatCounter, mwezi Oktoba 2016 ndio ulikuwa wa kwanza ambapo simu na tableti kwa pamoja zilitumika kutembelea tovuti duniani kuliko kompyuta, yaani asilimia 51.3 dhidi ya 48.7.

Haba na haba: uzito wa ukurasa

Hapa hatuna budi kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Ukurasa unaoenea kwenye skrini si lazima uwe mwepesi. Picha inaweza kuonekana ndogo kwenye simu ilhali faili lake lote kubwa limepakuliwa na kulipiwa. Tangu mwaka 2014 vivinjari vilianza kuelewa amri za HTML zinazomwezesha mwandishi kuweka picha moja kwa ukubwa mbalimbali, kivinjari kikachagua unaofaa. Amri hizo zipo. Kuzitumia au kutozitumia ni hiari ya mwenye tovuti.

Kwa nchi zetu suala hili ni la mfukoni. Mkongo wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2009 tulianza kuachana na utegemezi wa satelaiti, na kwa nchi zisizo na bahari kama Uganda mawasiliano hayo yalivushwa kwa nyaya za nchi kavu. Hata hivyo, data iliendelea kununuliwa kwa vifurushi vidogo. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Mwenye tovuti anapoweka video inayojicheza yenyewe kwenye ukurasa wa mwanzo, anautumia mfuko wa mteja bila kumwomba ruhusa. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mtindo huohuo haba na haba hukimaliza kifurushi.

Tukumbuke pia kwamba huduma ya biashara iliyowafikia watu wengi wa ukanda huu kwanza kupitia simu haikuwa tovuti. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007 kwa menyu ya maneno machache iliyokaa kwenye laini ya simu. Menyu hiyo ilipatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Haikuwa na picha wala rangi. Ilikuwa na vitenzi vichache vinavyoeleweka: tuma, toa, lipa. Pamoja na ule ujumbe mfupi wa herufi 160, menyu hii iliwazoeza watu wetu kufanya biashara kwa maneno machache yaliyopimwa. Hiyo ndiyo shule tuliyoitaja hapo awali.

Kiswahili kwenye skrini nyembamba

Sasa tufikie kazi yetu wenyewe. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Neno moja hubeba sentensi. Sifa hii ina taabu yake kwenye kitufe chembamba. Tuchukue maneno mawili ambayo duka lolote linaweza kuyaandika: Hatutakutoza na Hatutakutumia. Herufi tisa za mwanzo, Hatutakut, ni zilezile. Skrini ikilikata neno na kuweka nukta tatu, mteja atajua kwamba kuna ukanushi, kwamba mtendaji ni sisi, kwamba wakati ni ujao na kwamba mtendwa ni yeye. Asilolijua ni tendo, kwa sababu mzizi hukaa nyuma ya viambishi. Katika lugha nyingi za Ulaya mkato kama huo huacha mwanzo wa mzizi ukionekana. Kwetu sisi unaweza kumeza fedha za mteja.

Dawa yake si kuandika Kiingereza, kama inavyofanywa mara nyingi. Dawa ni kuijua lugha. Mwandishi anaweza kuanza na nomino, akaandika Ada: hakuna, na hapo hata herufi tatu za mwanzo zina habari. Anaweza kutumia amri badala ya ahadi ndefu: Endelea badala ya Bofya hapa ili uweze kuendelea na ununuzi wako. Isitoshe, kitenzi bofya, ambacho kilikuja na kipanya, hakina kazi kubwa kwenye skrini ya kugusa. Gusa ni neno la kila siku na ni fupi zaidi. Fundi naye akumbuke kuandika kichwani mwa ukurasa kwamba lugha yake ni sw, msimbo wa kimataifa wa Kiswahili, ili programu zinazowasomea vipofu zitambue ni lugha gani na zisiyasome maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza.

Kisingizio kwamba istilahi hazipo kimepitwa na wakati. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, zikiwa na maneno ya faili, hariri, hifadhi na mengine mengi. Kilichopungua ni waandishi wa kuyatumia maneno hayo dukani, hotelini na kwenye ofisi za mabasi.

Kwa walimu tunapendekeza zoezi jepesi. Chukueni tangazo la biashara lenye maneno kama 200, wanafunzi waliandike upya kwa maneno 60 bila kupoteza bei, mahali, muda wala masharti. Kisha waonyeshane kwenye simu zao wenyewe, si kwenye ubao. Mwanafunzi atagundua haraka ni sentensi gani iliyokuwa pambo na ni ipi iliyokuwa habari. Atagundua pia kwamba kufupisha si kukata mkia wa maandishi, bali ni kuamua kipi kitangulie.

Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya tovuti ya biashara kwenye simu ilianza na ukurasa wenye kunyumbuka, ikapitia karatasi, karata na anwani mbili, kisha ikarudi kwenye ukurasa wenye kunyumbuka. Safari hiyo ilichukua takriban miaka 20. Ilichelewa kwa sababu msomaji wa simu alidhaniwa kuwa mpita njia.

Hatari ya kurudia kosa hilo bado ipo, safari hii kwa upande wa lugha. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na katika Afrika Mashariki biashara inavuka mipaka kila siku. Tovuti inayoeleza bidhaa kwa Kiingereza kwa ukamilifu, kisha ikatoa aya mbili za Kiswahili zisizo na bei wala masharti, inamfanyia msomaji wa Kiswahili kile ambacho tovuti ndogo ilimfanyia msomaji wa simu. Wahitimu wetu ndio watakaoajiriwa kuandika kurasa hizo. Tuwafundishe kuandika kwa ufupi na kwa ukamilifu, ili anayesoma kwa Kiswahili kwenye simu ya bei nafuu apate habari zote anazozipata mwingine yeyote.